Jina la marehemu limo daftarini, salfa kachukua shemeji

BARUA

Ndugu washauri, asalaam aleikum na habari za kazi.

Mimi ni mjane, naishi kijiji kimoja wilayani Newala. Mume wangu alifariki mwezi wa Desemba, korosho zikiwa zimeshauzwa. Eda nimemaliza mwishoni mwa Aprili. Nina watoto watatu, mkubwa yuko kidato cha pili.

Shamba letu lina mikorosho 230. Mia moja na sitini ni ya zamani, na hiyo ndiyo aliyoandikisha marehemu. Sabini tuliipanda wote wawili, miche ya kubebeshwa. Sasa iko mwaka wa tano na inazaa vizuri, ila hakuwahi kuiongeza kwenye daftari la wakulima.

Salfa ya ruzuku, ile dawa ya kupulizia mikorosho, ilipofika nilikwenda ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima. Nikaambiwa jina langu halipo, lipo la marehemu, na mzigo wake umeshachukuliwa. Kumbe shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikwenda akasaini mifuko minane ya kilo 25. Akaniletea mitatu. Mitano amebaki nayo, anasema atapulizia mikorosho yake kwa sababu shamba ni la ukoo, na kwa mila zetu mali ya marehemu ina wapwa zake. Sikutaka ugomvi, nikanyamaza. Katibu wa chama anasema hawezi kugusa jina mpaka nilete karatasi ya mirathi, na mirathi naambiwa inakwenda miezi. Maua hayaisubiri mahakama.

Jambo jingine, malipo ya mnada wa mwisho yaliingia kwenye akaunti ya marehemu. Kadi ninayo na namba ya siri naijua. Nimetoa kidogo kulipia michango ya shule, sasa nina wasiwasi.

Naomba mnieleze: jina nilibadilishe vipi? Mifuko mitatu itanifikisha wapi? Ninunue hii salfa inayouzwa kwa kificho kwa bei ya chini? Na ile kadi niendelee nayo?

Mjane, Newala

JIBU

Dada yetu, pole sana kwa msiba, na pole kwa haya yaliyofuata nyuma yake.

Umeambiwa kila kitu kinasubiri karatasi moja. Si kweli. Shamba na pesa zilizo benki ni mirathi, na hayo ni ya mahakama. Salfa si mirathi. Ni pembejeo inayotolewa bure kupitia Bodi ya Korosho ili mikorosho iliyopo ipuliziwe msimu huu, na anayeipulizia mwaka huu ni wewe. Kwa hiyo usikubali suala la salfa liwekwe kwenye foleni moja na suala la shamba.

Tuanze na lenye haraka, yaani mifuko.

Kipimo cha kawaida cha salfa ya unga ni gramu 250 kwa mkorosho mmoja uliokomaa kwa kila mzunguko, na mizunguko mitano, ikipishana siku 14. Hiyo ni kilo moja na robo kwa mti kwa msimu mzima, maana yake mfuko mmoja wa kilo 25 unatosha mikorosho 20 mwanzo hadi mwisho. Mifuko minane ni mikorosho 160, ile ile aliyoandikisha mume wako. Shemeji hakuchukua ziada iliyokuwa inaelea ghalani. Alichukua chakula cha miti yako, mti kwa mti.

Mitatu uliyonayo ni ya mikorosho 60. Hapa ndipo wengi wanapojiharibia: wanaona huruma kuacha mti bila kitu, wanaitawanya salfa shamba zima. Ukiigawa kwa miti 230, kila mti utapata mzunguko mmoja na kidogo, kisha basi. Salfa inakinga, haifufui. Inazuia vimelea vya ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, visiote kwenye ua na jani changa ililoangukia, lakini shada la maua la mkorosho halitoki siku moja. Machipukizi yanaendelea kutoka kwa wiki nyingi, na kila linalotoka baada ya salfa kuisha linatoka uchi. Utapulizia Juni, mwezi wa Julai maua mapya yatavikwa ule unga mweupe, yatakauka na kuwa ya kahawia, na utakuwa umepoteza salfa na korosho pamoja.

Chagua miti 60 inayozaa zaidi, iliyo karibu karibu, upande mmoja wa shamba, uipe mizunguko yote mitano. Isiwe huu hapa na mwingine kule, kwa sababu mti uliopuliziwa ukizungukwa na wasiopuliziwa hurushiwa vimelea na upepo kila siku. Kabla ya mzunguko wa kwanza ingia chini ya kila mti ukate maotea yaliyo ndani ya kivuli, vile vichipukizi laini kwenye shina na matawi makubwa. Humo ndimo ubwiriunga unamojificha wakati mti hauna maua. Kazi hii ni ya panga tu, haina gharama, na ifanye hata kwenye miti ambayo hutaipulizia.

Anza pale machipukizi ya maua yanapoanza kuchomoza na dalili za kwanza za unga mweupe zinaonekana kwenye majani machanga. Usingoje shamba lote liwe jeupe. Pulizia alfajiri, kabla upepo haujaamka, umande ukiwa bado kwenye majani, maana umande ndio unaoishika salfa. Ikifika saa tatu asubuhi na matawi yanacheza, simamisha. Unaona lile wingu la njano likikatiza juu ya mti na kwenda zake? Hiyo ni salfa yako inakwenda kwa jirani.

Kama unamkodi mwenye mashine, patana naye kwa idadi ya miti. Anayelipwa kwa mfuko ana kila sababu ya kufungua mashine mpaka mwisho. Kipimo cha kumkagua ni rahisi: katika mzunguko mmoja mfuko wa kilo 25 unapaswa kufika miti 100. Ukiisha kwenye mti wa 60, mwambie apunguze pale pale, usingoje jioni. Kwa miti yako 60, mzunguko mmoja ni kilo 15. Nenda dukani na kopo utakalotumia, lipimwe kwenye mizani, weka alama kwenye robo kilo, ndipo mmwage kwenye mashine kwa hesabu. Mpigaji afunge pua na mdomo kwa barakoa na avae miwani, watoto wasikae upande unakokwenda upepo, na mtu asivute sigara karibu na mifuko, kwani unga wa salfa unashika moto. Mifuko ihifadhi pakavu, juu ya mbao, mbali na unga wa chakula.

Sasa ile mitano. Ushauri wetu ni kuifuata wiki hii, kabla haijafunguliwa, na uifuate kwa njia ya nyumbani kwanza. Mwombe mwenyekiti wa kitongoji aitishe kikao kifupi cha wewe, shemeji na mzee mmoja anayesikilizwa na upande wa mume. Usiingie kwenye mjadala wa nani mwenye shamba, huo ndio uwanja anaoutaka yeye. Sema jambo moja: mifuko hii imetolewa kwa idadi ya mikorosho 160, mikorosho ni ile pale, naomba iende kwenye miti iliyohesabiwa. Hata akishikilia kwamba shamba ni la ukoo, hoja yake haimpi ruhusa ya kuacha miti hiyo hiyo ya ukoo iungue na ubwiriunga.

Yeye mwenyewe anajua alisaini nini. Kama aliandika jina la marehemu, huko ni kughushi. Kama aliandika jina lake, basi chama kilitoa mzigo wa mtu kwa mtu mwingine bila barua, na aliyetoa ana la kujibu. Huna haja ya kulitangaza hilo kikaoni siku ya kwanza. Lakini mwenyekiti wa kitongoji alijue kabla ya kukaa, na mkikubaliana muandike, mifuko mingapi inarudi na lini, wote msaini. Akikataa, karatasi ya kikao hicho ndiyo utakayoanzia ngazi inayofuata.

Mifuko yote ikirudi, ipe mikorosho 160 ya zamani. Ile 70 ya kubebeshwa ina vichwa vidogo bado, inafaa kuitafutia kiuatilifu cha maji. Dawa nyingi za maji za ubwiriunga hupigwa mizunguko mitatu, ikipishana siku 21, mililita 10 hadi 15 kwenye lita moja ya maji kwa mti, ila lebo ya dawa uliyonunua ndiyo mwamuzi. Tunajua maji ya Newala juu huku yanavyopatikana, na ndiyo maana wengi hushikilia unga. Kwa miti 70 unahitaji kama lita 70 kwa mzunguko, ndoo tatu na nusu za lita 20. Ni mzigo unaobebeka. Maji yawe masafi, mchanga unaziba tundu la mashine na dawa inatoka kwa matone makubwa yasiyoshika ua.

Kuhusu salfa inayouzwa kwa kificho: usinunue. Pembejeo ya ruzuku haiuzwi, na wewe mnunuzi unaweza kukamatwa nayo bila jina lako kuwa kwenye orodha ya mgao. Zaidi ya hapo, mfuko ulioshafunguliwa huwezi kujua umechanganywa na nini. Mwenye kutaka kuongeza anunue kwenye duka la pembejeo lenye kibali, mfuko ukiwa na mshono wake wa kiwandani, lebo ikionyesha namba ya usajili wa kiuatilifu nchini na tarehe ya kwisha muda, na achukue risiti.

Tuje kwenye daftari. Katibu ana haki katika sehemu moja: uanachama wa marehemu na hisa zake hawezi kukuhamishia kwa maneno. Muulize fomu ya uanachama ya marehemu ilimtaja nani kuwa mrithi wa hisa, kwa sababu mwanachama ana nafasi ya kumtaja. Huenda jina lako limo na hakuna aliyefungua faili kuangalia. Lakini kuandikishwa kama mkulima ni jambo jingine. Daftari la wakulima halimpi mtu shamba, na kuandikwa humo hakumnyang'anyi mrithi yeyote haki yake. Sema hivyo mbele ya shemeji pia, itampunguzia hofu.

Kwa hiyo usiombe "kubadilisha jina". Andika barua yenye maombi mawili. La kwanza, kwamba mkulima mwenye namba fulani amefariki tarehe fulani, na unaomba namba hiyo isitumike tena kuchukulia pembejeo na mtu yeyote. La pili, kwamba unaomba kuandikishwa wewe kama mhudumiaji wa shamba hilo wakati mirathi inaendelea. Ambatisha nakala ya cheti cha kifo, namba yako ya NIDA, namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, akaunti ya benki ya jina lako, na barua ya mtendaji wa kijiji inayothibitisha kwamba wewe ndiye unayelihudumia shamba. Barua ya mtendaji ndiyo yenye uzito kuliko zote hapa, ianze hiyo. Toa nakala mbili za barua yako, moja ibaki kwao, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Wakikubali ni heri. Wakikataa, waombe waandike sababu.

Jibu la mdomo halipandi ngazi, la maandishi linapanda. AMCOS wakikwama, peleka nakala kwa afisa ugani wa kata, kisha kwa DAICO, yaani mkuu wa kilimo wa wilaya, pale halmashauri, na ofisi ya Bodi ya Korosho. Kama tatizo ni la viongozi wa chama kutoa mzigo wako kwa mwingine, hilo linakwenda kwa Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika mkoani. Kama kuna aliyeomba kitu ndipo asaini, ni TAKUKURU.

Wakati huo huo omba ile mikorosho 70 ihesabiwe. Usipeleke tarakimu kutoka kichwani. Mwite afisa ugani au kijana wa BBT, ule mpango wa serikali wa vijana kwenye kilimo, anayehudumia korosho kijijini kwenu, mpite mstari kwa mstari, kila mti uliohesabiwa uwekewe alama ya chokaa kwenye shina. Andikeni mbalimbali inayozaa na michanga. Tunakusisitizia hili kwa sababu ofisi zimeshaumwa na mikorosho hewa, na idadi inayoruka kutoka 160 hadi 230 mara tu baada ya mwenye jina kufa itatiliwa shaka. Wana namna ya kukagua hata wakiwa mezani: kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja inabeba mikorosho kama 28. Miti 230 inahitaji ekari nane na kitu. Kama marehemu aliandikisha ekari sita, idadi mpya bila ekari mpya itaonekana ya uongo ingawa ni ya kweli. Rekebisha vyote viwili kwa siku moja.

Mirathi usiiache, ila iende kwa mwendo wake. Mahali pake ni Mahakama ya Mwanzo ya eneo alikoishi marehemu, na huhitaji wakili. Unahitaji cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha familia kinachopendekeza msimamizi, cheti cha ndoa au uthibitisho wake, na orodha ya warithi na mali. Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne ya kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni. Kikao cha familia kikikataa kukaa kwa makusudi, usirudi nyumbani kulia. Fungua maombi, eleza mahakamani kwamba wamekataa, na mwenye pingamizi aje alitoe mbele ya hakimu.

Neno la wapwa nalo tulipe jibu la wazi. Kwa Wamakonde mila ya mali kwenda kwa watoto wa dada ipo na ni ya siku nyingi, hatuidharau. Lakini si ya mwisho. Kama marehemu aliishi na kufa Mwislamu na ndoa yenu ni ya Kiislamu, unaweza kuiomba mahakama ifuate sheria ya dini, ambayo inampa mjane mwenye watoto thumni, yaani moja ya nane, na watoto wenu wanachukua sehemu yao kubwa. Kabla hata ya kugawa, ile mikorosho 70 mliyopanda wote wawili eleza kwamba ni chumo lenu la pamoja, na uwataje walioshuhudia mkichimba mashimo. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inaifuta mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Baraza la kijiji linalijua hilo au linapaswa kulijua. Ukihitaji mtu wa kukushika mkono, uliza ofisi ya maendeleo ya jamii wilayani wakuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria. Huduma yao ni bure.

Kadi iache leo. Hatukulaumu, ada ni ada, lakini baada ya kifo pesa zile ni za warithi wote mpaka zigawiwe, na kila unachotoa kinampa shemeji neno la kusema mahakamani. Andika ulichotoa, tarehe na kiasi, shikiza risiti za shule, na ukiweke kwenye orodha ya mali kama kilichotumika kwa watoto wa marehemu. Ukijitaja mwenyewe ni hesabu, akikutaja yeye ni wizi. Ijulishe benki kwa barua na nakala ya cheti cha kifo, wataifunga akaunti mpaka msimamizi afike na barua ya mahakama.

Kamilisha hilo la kuandikisha akaunti yako mwenyewe mapema, isifike Oktoba. Malipo ya mnada yanafuata namba na akaunti iliyoandikwa siku ya kupokelewa mzigo. Ukipeleka korosho ghalani kwa namba ya marehemu kwa sababu ndiyo iliyozoeleka, pesa za msimu huu nazo zitaingia kwenye akaunti iliyofungwa. Jina la akaunti lifanane na la NIDA herufi kwa herufi, hata "h" moja iliyozidi hurudisha malipo. Anika korosho mpaka zikauke vizuri, chambua, na ukiwa kwenye mizani angalia risiti kabla hujaondoka: jina lako, daraja, na kilo baada ya kutoa uzito wa gunia. Atakayekufuata Septemba na pesa ya kangomba mkononi, yaani ya kununua korosho kienyeji nje ya ghala na mnada, mkatalie, hata kama dukani kuna deni. Kilo zitakazopita kwake hazitaonekana popote kwa jina lako, na wewe mwaka huu unahitaji rekodi ya mauzo yenye jina lako kuliko mtu mwingine yeyote kijijini hapo.